Hewa Moja, Marubani Wengi: Vifaa na Mashindano ya Droni za Mbio

Mbele ya wakufunzi wa vyuo vya ufundi, maofisa wa mamlaka za anga na za mawasiliano, wazazi na wanafunzi, jioni hii unaelezwa mchezo ambao wengi wameuzoea kwa kuusikia ukilalamikiwa kuwa ni kelele za vijana au tishio kwa faragha ya majirani. Mezani zimewekwa droni mbili, moja yenye upana wa sahani ya wali na nyingine inayoenea katika kiganja cha mtoto. Zote zimeondolewa betri, hivyo zinaweza kupitishwa mkono kwa mkono bila hofu, ila inaombwa propela zisikunjwe, kwa kuwa chombo kimoja kitarushwa kesho asubuhi uwanjani.

Lengo la mhadhara huu ni kueleza vifaa vinavyotumiwa na marubani wa ridhaa wa droni zenye rota nyingi, hasa wale wanaorusha kwa kutazama picha inayotoka kwenye kamera ya chombo chenyewe, mtindo unaojulikana duniani kwa herufi FPV, kisha kueleza namna mashindano yao yanavyoendeshwa. Ndani ya maelezo hayo kuna dai moja linalotetewa: kwamba mbio hizi, ijapokuwa mtazamaji huziona kama shindano la kasi na wepesi wa vidole, kwa sehemu kubwa huamuliwa ardhini kabla mota hazijaanza kuzunguka, yaani katika kugawana masafa ya redio, kutunza betri na kukarabati kilichovunjika. Dai hilo likikubalika, basi mahali pa mchezo huu Afrika Mashariki ni karakana ya chuo kabla ya kuwa ufukwe wa hoteli.

Historia yake ni fupi. Mwezi Julai 2015 mashindano ya kitaifa ya Marekani yalifanyika Sacramento, katika maonyesho ya jimbo la California, na aliyeshinda alikuwa Chad Nowak wa Australia. Machi 2016 Dubai iliandaa mbio zilizotangazwa kuwa na zawadi za jumla ya dola milioni 1, na zawadi ya kwanza ya dola 250,000 ikaenda kwa timu ya Luke Bannister, mvulana Mwingereza wa miaka 15. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, lililoanzishwa mwaka 1905 enzi za maputo, liliandaa ubingwa wake wa kwanza wa dunia wa mbio hizi huko Shenzhen, China, Novemba 2018, na bingwa akawa Rudi Browning wa Australia, naye pia akiwa na miaka 15. Mwaka 2022 mchezo uliingizwa katika Michezo ya Dunia iliyofanyika Birmingham, Alabama. Wazazi waliohudhuria wataona kwamba umri wa mabingwa hao si jambo la bahati tu.

Hoja ya kwanza: chombo cha mbio ni kifaa cha kuundwa, wala hakijirushi chenyewe

Droni ya kupigia picha za harusi, ambayo wengi wameiona, hujishikilia hewani kwa msaada wa setelaiti na vihisi, hata mrushaji akiachia vijiti vya rimoti chombo hutulia mahali pake. Droni ya mbio haina huruma hiyo. Katika hali inayotumiwa na wanamashindano, rubani akiinamisha chombo nyuzi 40 kisha akaachia kijiti, chombo hubaki kimeinama nyuzi 40 na kuendelea kwenda hadi kiamriwe vinginevyo au kikutane na ukuta. Kazi ya bodi ndogo ya kompyuta iliyo katikati ya fremu ni kulinganisha mzunguko ulioagizwa na rubani na ule unaopimwa na jairoskopu, yaani kihisi cha mzunguko, kisha kuongeza au kupunguza kasi ya kila mota, na hesabu hiyo katika bodi nyingi hurudiwa mara 8,000 kwa sekunde moja.

Programu inayoendesha bodi hizo kwa wingi ni Betaflight, ambayo ni ya wazi, maana yake kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha na kuigawa bure. Asili yake inarudi hadi mradi wa MultiWii, ambao wapenzi wake walichomoa vihisi kutoka kwenye vidhibiti vya mchezo wa kompyuta wa Nintendo Wii na kuvifunga kwenye fremu walizojitengenezea. Jambo hili linastahili kuzingatiwa na wakufunzi waliopo: chombo hiki kilizaliwa mikononi mwa watu waliobomoa vitu vya watoto wao ili kupata kihisi cha bei nafuu, na tabia hiyo ya ufundi haijakitoka.

Fremu ya droni kubwa iliyo mezani ni ya bamba la nyuzi za kaboni, na kila mkono umebeba mota moja isiyo na brashi. Namba 2207 iliyochorwa kwenye mota inaeleza kwamba kiini chake chenye nyaya kina kipenyo cha milimita 22 na kimo cha milimita 7. Herufi KV hueleza mizunguko kwa dakika ambayo mota ingefanya kwa kila volti moja bila mzigo wa propela, hivyo mota ya KV 1,900 ikipewa betri ya seli sita iliyojaa, yenye volti 25.2, ingekaribia mizunguko 48,000. Anayenunua mota ya KV kubwa kwa kudhani kwamba namba kubwa ndiyo nguvu, kisha akaifunga kwenye betri hiyohiyo, ataunguza mota, vidhibiti mwendo vyake, au vyote kwa pamoja. Propela ni za inchi 5, mbili zikizunguka kwa mwelekeo wa saa na mbili kinyume chake, ili misukumo ya kugeuza ibatilishane. Propela ndizo bidhaa rahisi kuliko zote, na ndizo zinazokwisha upesi kuliko zote.

Kamera ya mbele imefungwa ikitazama juu, jambo linalowashangaza wanaoiona mara ya kwanza. Sababu ni kwamba chombo huenda mbele kwa kuinama, na kamera iliyonyooka ingemwonyesha rubani ardhi tu. Anayeanza huiinua nyuzi 20 hivi, na mwanamashindano huzidisha hadi 40 au zaidi, akijua kwamba kwa kufanya hivyo amejifunga kwenda kasi, kwani akipunguza mwendo ataona mawingu badala ya geti analotakiwa kupita.

Picha ya kamera hiyo hufika kwenye miwani ya rubani ikiwa imechelewa kidogo, na kuchelewa huko kuna gharama inayopimika. Chombo kinachokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kwa sekunde. Ikiwa picha imechelewa milisekunde 30, yaani sehemu 30 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000, rubani anaona mahali ambapo chombo kilikuwa zaidi ya sentimita 80 zilizopita. Mageti ya kawaida ya chama cha Marekani cha MultiGP yalikuwa ya futi 5 kwa 5, ambazo ni kama mita moja na nusu, hivyo rubani huyo anaruka akiwa amepoteza zaidi ya nusu ya upana wa geti. Ndiyo maana mfumo wa zamani wa analogi, wenye picha ya chenga kama televisheni ya zamani iliyokosa antena, haukuuawa mara moja na mifumo ya kidijitali yenye picha safi iliyoenea kuanzia mwaka 2019. Picha ya analogi huharibika kidogo kidogo na kumwonya rubani, ilhali baadhi ya mifumo ya kidijitali hugandisha picha ghafla, na rubani aliyegandishiwa picha mbele ya mnara wa chuma hana la kufanya.

Hoja ya pili: hewa ni ya wote, na asiyejua kuigawa hawezi kuandaa mbio

Hapa ndipo uzito wa mhadhara ulipo. Kila droni iliyo hewani hurusha picha yake kwa mawimbi ya redio katika eneo la gigahezi 5.8, na mpangilio wa masafa uliobuniwa kwa ajili ya mbio una njia nane: megahezi 5658, 5695, 5732, 5769, 5806, 5843, 5880 na 5917. Wasikilizaji watagundua kwamba kila njia imeachana na jirani yake kwa megahezi 37. Mtu angedhani kwamba njia nane zinatosha marubani wanane, agawe karatasi na kupuliza kipenga. Akifanya hivyo, atakaa mchana kutwa akiamua ugomvi wa vijana wanaolalamika kwamba miwani yao imejaa michirizi.

Sababu ni kwamba mitambo miwili ya kurusha picha inapokaribiana, mawimbi yake huchanganyika ndani ya saketi na kuzaa mawimbi mengine ambayo hakuna aliyeyaomba. Wenye kalamu wanaweza kuandika hesabu hii, kwa kuwa ni ya darasa la msingi. Chukua 5695, izidishe kwa 2, upate 11,390, toa 5658, jibu ni 5732. Jibu hilo ni njia ya tatu yenyewe. Marubani wawili wa kwanza, bila kosa lolote la kanuni, wamezalisha kelele iliyoangukia kwenye macho ya rubani wa tatu. Na kwa kuwa njia zote zimeachana kwa kipimo kilekile, hesabu hiyo hujirudia katika kila tatu zilizofuatana. Usawa wa mpangilio, ambao kwenye karatasi unapendeza, ndio ulioleta balaa. Waandaaji wenye marubani sita huacha usawa huo na kutumia 5658, 5695, 5760, 5800, 5880 na 5917, ambapo mapengo hayalingani, na kelele nyingi huangukia mahali pasipo na mtu. Tena huwataka wote washushe nguvu ya mitambo hadi miliwati 25, ingawa mitambo hiyo huuzwa ikiwa na uwezo wa mara 10, 20 au zaidi, kwa kuwa anayepaza nguvu huku wenzake wakiwa wamenyamaza hawasaidii wala hajisaidii.

Mawimbi hayohayo ndiyo yanayohesabu muda. Kwenye geti la kuanzia huwekwa vipokezi, kila kimoja kikisikiliza njia ya rubani mmoja. Chombo kikikaribia nguvu ya mawimbi hupanda, kikipita hufikia kilele, kikiondoka hushuka, na wakati wa kile kilele ndio unaoandikwa kuwa mwisho wa mzunguko. Mfumo wa wazi uitwao RotorHazard umewawezesha vijana wengi kujiundia saa ya namna hiyo kwa vipokezi vya bei nafuu. Inafuata kwamba kijana anayechomeka betri kando ya uwanja kwa nia ya kujaribu tu, wakati wenzake wako hewani, ametenda makosa mawili kwa mpigo, kwani amempofusha mwenzake na pengine amemharibia hesabu ya mizunguko. Katika vilabu vyenye nidhamu kosa hilo hukemewa kuliko kugonga geti, na ndiyo sababu aliyeanguka haruhusiwi kukimbilia chombo chake wala kuchomeka kingine hadi raundi iishe.

Kuna upande wa sheria ambao maofisa wa mawasiliano waliopo wanaujua kuliko wengine. Bendi iliyotengwa kimataifa kwa matumizi ya viwanda, sayansi na tiba, ambayo nchi nyingi huiruhusu kwa vifaa vya nguvu ndogo, inaanzia megahezi 5725 na kuishia 5875. Katika njia nane zilizotajwa, ni nne tu ambazo vitovu vyake vimo humo: 5732, 5769, 5806 na 5843. Nchini Marekani wanaotumia njia za nje ya mipaka hiyo hutakiwa kuwa na leseni ya redio ya ridhaa. Zile nne nazo zikitumiwa pamoja huumizana, kwa hesabu ileile ya mapengo sawa. Lakini 5806 ikiondolewa, zile tatu zilizobaki hazizalishi kelele ya aina hii iangukiayo mojawapo yao, na anayetilia shaka anaweza kuzijumlisha na kuzitoa mwenyewe. Kwa hiyo raundi za marubani watatu watatu zinawezekana bila kuomba sehemu nyingine ya hewa, jambo ambalo washauri wanaonakili ratiba za ng'ambo za watu sita au wanane hawaelekei kulitazama.

Hoja ya tatu: betri ndiyo mafuta, na ndiyo hatari

Betri za lithiamu polima hupimwa kwa seli: kila seli ni volti 3.7 za kawaida, hujaa kwenye 4.2, na huhifadhiwa kwenye 3.8 hivi. Betri ya seli sita yenye miliampia-saa 1,300 haizidi uzito wa simu mbili, lakini mota nne zikifunguliwa zote zinaweza kuvuta ampia 100 na zaidi, na kwa mvuto huo betri nzima ingekwisha chini ya dakika moja. Rubani huutawala mvuto huo kwa kidole, na ndiyo sababu raundi nyingi hupangwa kwa dakika mbili hivi. Anayeiminya betri hadi seli zishuke chini ya volti 3 ataikuta imevimba, na betri iliyovimba haipigwi msasa wala haibanwi kwa mkanda ili itumike mara moja ya mwisho.

Katika miji ya pwani joto ni adui wa pekee, na betri iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa mchana hupungua umri kwa kila siku ya namna hiyo. Kuchaji hufanyika kwa chaja inayosawazisha seli, juu ya sakafu isiyoungua, ndoo ya mchanga ikiwa karibu, na mtu akiwa macho. Wasafiri wakumbuke kwamba betri za akiba hazisafiri katika mizigo ya chini ya ndege, hubebwa ndani; ile iliyotajwa ina nguvu ya kama wati-saa 29, ambayo imo ndani ya mpaka wa kawaida wa 100.

Hoja ya nne: mashindano ni ya fundi kama yalivyo ya rubani

Kwa kawaida siku ya mbio hugawanyika mara mbili. Asubuhi ni ya kufuzu, ambapo kila rubani hurushwa mara kadhaa na kupangwa kwa muda wake bora, mara nyingi wa mizunguko mitatu mfululizo. Mchana ni wa mchujo, na katika mtindo unaotumika sana wanaruka wanne, wawili wanasonga mbele, na walioshindwa mara moja wanapewa njia ya pili kabla ya kutolewa kabisa. Kanuni za FAI zinataka chombo kisizidi kilo 1 pamoja na betri, na umbali wa ulalo kati ya mota usizidi milimita 330. Vilabu vingine huweka daraja ambalo wote hutumia mota na betri za aina moja, ili mfuko wa mzazi usishindane badala ya mtoto, na utaratibu huo unafaa kuigwa.

Kinachoamua mshindi katika siku hiyo ndefu mara nyingi ni muda kati ya raundi moja na nyingine. Droni kubwa iliyo mikononi mwa walioketi safu ya tatu ina alama ya ushahidi: mkono wa nyuma wa kulia ni mweusi zaidi kuliko mingine kwa sababu ulibadilishwa, na nyaya tatu za mota yake zimepigwa solda upya, nukta moja ikiwa na mng'ao wa fedha na mbili zikiwa na rangi ya kijivu iliyofifia. Fundi simu yeyote wa Kariakoo au wa Mtaa wa Luthuli, Nairobi, ataeleza bila kuulizwa kwamba zile mbili zilipigwa haraka, pasi ikiwa haijapata moto wa kutosha, na kwamba zitaachia. Ujuzi wa aina hiyo tayari umejaa katika miji hii, ila hauna uwanja wa kushindania.

Anayeogopa gharama ya kuvunja hana budi kuanza na programu za kuiga urushaji, kama vile Liftoff na VelociDrone, ambapo rimoti halisi huunganishwa na kompyuta na mwanafunzi akaanguka mara 100 bila kununua propela. Si mchezo wa kitoto: ligi ya kulipwa ya Marekani, Drone Racing League, iliwahi kuwatafuta marubani wake kwa mbio za kompyuta na kumpa mshindi mkataba.

Hoja ya tano: sheria za anga zitangulie, zisifuate

Hoja hii inaweza kuelezwa kwa ufupi. Tanzania ina kanuni za ndege zinazoongozwa kutoka mbali za mwaka 2018, na Kenya ina zake za mwaka 2020, na katika nchi zote mbili kurusha bila kibali ni kosa ambalo visingizio vya mchezo havilifuti. Tatizo la pekee la marubani wa FPV ni kwamba aliyevaa miwani haoni anga linalomzunguka. Sheria ya Marekani inalitatua kwa kumtaka awe na mwangalizi aliyesimama karibu naye, anayekitazama chombo kwa macho matupu na kusema naye moja kwa moja. Utaratibu huo ufuatwe hata pale usipoandikwa.

Mambo yajayo

Wapo wanaouliza kama inafaa kumfundisha kijana kazi ambayo mashine itaichukua. Swali hilo lina msingi. Agosti 2023 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich, ambao droni yao iitwayo Swift, isiyoongozwa na mtu, ilishinda mbio 15 kati ya 25 dhidi ya mabingwa watatu wa kibinadamu, na Aprili 2025 huko Abu Dhabi droni ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft iliwashinda marubani waliovaa miwani. Hata hivyo, droni hizo zilijengwa na watu wanaojua kihisi, mota, betri na mawimbi, na hakuna karakana ya bei nafuu ya kujifunzia hayo yote kwa pamoja kuliko hii. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walioshiriki kuchora ramani ya Unguja na Pemba kwa droni kuanzia mwaka 2016 walithibitisha kwamba ujuzi wa kurusha hupata kazi haraka, na mashindano ya droni za mizigo na za uchunguzi yaliyofanyika juu ya Ziwa Kivu, Rwanda, Februari 2020, yalionyesha kwamba eneo hili linaweza kuandaa tukio la aina hiyo kwa utaratibu.

Njia inayopendekezwa ni kuanza na kile chombo kidogo cha mezani. Kina upana wa milimita 65 kutoka mota hadi mota, betri yake ni ya seli moja, propela zake zimezungukwa na pete za plastiki, na kikigonga shavu huacha aibu zaidi kuliko jeraha. Huruka ndani ya ukumbi, kati ya mageti ya mabomba ya plastiki yaliyokatwa na kuunganishwa kwa viungo vya fundi bomba. Chuo kimoja chenye ukumbi, chaja mbili, meza ya solda na mwanafunzi mmoja aliyepewa kazi ya karani wa masafa, mwenye orodha mkononi na mamlaka ya kumzuia hata mkuu wa chuo asichomeke betri, kina yote yanayohitajika kwa muhula wa kwanza. Vyuo vitatu vikifanya hivyo vinaweza kukutana mwishoni mwa mwaka.

Mamlaka za anga na za mawasiliano, kwa upande wao, zinaombwa zifikirie kibali kimoja cha tukio kinachotolewa kwa pamoja, chenye mahali, siku, jina la mwangalizi na orodha ya masafa, badala ya kila mwanafunzi kuzunguka ofisi mbili na barua mbili. Ombi la kwanza la aina hiyo linaweza kuandikwa kwa siku moja tu, ukumbi mmoja, miliwati 25 na raundi za marubani watatu watatu: 5732, 5769 na 5843.